Mkaguzi wa Mwamba wa Ibadakuli

Leo nimesifiwa mbele ya wajukuu, na sifa yenyewe si yangu.

Tulikuwa Tinde kwa pacha wangu Kulwa, tumemaliza kula. Watoto wanaangalia kwenye simu watu wanaserereka mlimani kwenye theluji, wamesimama juu ya ubao.

Kulwa akadakia. “Sisi tulifanya hayo miaka ya sabini, pale kwenye mwamba wa Ibadakuli. Tunakalia ngozi ya ng'ombe, tunashuka. Na bibi yenu Doto ndiye alikuwa mkaguzi. Anapapasa jiwe kwanza. Kukiwa na umande, hashuki mtu.”

Watoto wakanigeukia kwa heshima.

Mkaguzi, mimi.

Jamani, lile jiwe nilikuwa nalipapasa kwa mbwembwe tu. Nilikuwa mwoga, basi. Kulwa ndiye niliyemtanguliza kila siku, nione kama atafika chini mzima.

Siku moja kulikuwa na umande, nikamwambia pakavu. Akaserereka, akaacha meno mawili kwenye mawe. Nyumbani nikamwambia mama kwamba nilimkataza. Kulwa akachapwa huku damu inamtoka mdomoni.

Sasa leo mjukuu anauliza, “Babu, na hilo pengo la meno?”

Kulwa akacheka, pengo lile lile. “Siku hiyo sikumsikiliza Doto.”

Sijui ameuamini uongo wangu au ananisitiri. Yote mawili ni aibu yangu.

Na mimi, bibi mzima, nikaitikia kwa kichwa.

Nitukaneni huko chini kwenye maoni, nimestahili. Ila asije mtu kuniambia nilikuwa mtoto.

Leo sikuwa mtoto.