Mpira Ndani ya Ngumi

Katika miaka yangu ya kutibu mikono ya watu, kwanza Homa Bay na baadaye Migori, hakuna kitu nilichokidharau kama mpira wa tenisi. Sikuwahi kuona uwanja wa tenisi Migori, lakini mipira haikukosekana. Iliuzwa Isebania kando ya barabara, pamoja na tochi na nyembe, na kila aliyepigwa na kiharusi aliletewa wake. Kisha jamaa walizunguka kitanda na kuamuru: "Kaza! Kaza!"

Ngoja nieleze taratibu, maana kutojua si aibu. Baada ya kiharusi mkono hulegea kwanza. Baadaye misuli inayofunga vidole huanza kukaza yenyewe, bila kuagizwa, na ile ya kufungua hunyamaza. Mwenye mkono anataka kuachia na hawezi. Watu huona ngumi ile wakasema nguvu zimerudi. Nguvu gani? Hata mtego wa panya hukaza.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini aliletwa mama mmoja kutoka Masara, aliyekuwa akiwapikia uji wachimba dhahabu. Alisindikizwa na shemeji yake, mwalimu mstaafu mwenye koti la suti wakati wa jua kali. Mama alikuwa na mpira ndani ya ngumi ya kulia.

"Jaribu kuutoa!" mwalimu aliniambia, kama mtu anayeonyesha fahali wake. "Hapo nje wanaume wawili wameshindwa."

"Wameshindwa na mgonjwa au na mpira?" nikamuuliza.

Sikuuvuta. Niliukunja mkono wake polepole kwenye kifundo kuelekea chini, nikasubiri. Vidole vikalegea vyenyewe, mpira ukaanguka na kuviringika chini ya benchi. Halafu harufu ikatujia. Kucha zilikuwa zimechimba kiganja, na kidonda kilikuwa kimelowa. Daktari wa wadi alikitazama akasema wazi kwamba kikiendelea kuingia ndani, vidole viwili vitakatwa.

Mama aliuficha mkono chini ya leso. "Kanisani hawakai tena karibu nami," alisema.

Nilimtengenezea splinti, yaani kibao cha kuushikilia mkono ukiwa umefunguka. Nilipasua kipande cha bomba la maji la plastiki, nikakipasha moto juu ya jiko mpaka kikalainika, nikakipinda kwa umbo la mkono wake, nikaweka blanketi ndani na mikanda juu. Kifundo cha mkono kilale kimeinuka kidogo, vidole vinyooke kiasi, bila kulazimishwa.

"Bomba la choo!" mwalimu akacheka. "Mkono utakuwa mvivu, daktari. Mkono hutaka mazoezi."

"Huu umefanya mazoezi mpaka umejitoboa, mwalimu."

Nilimweleza mama avae usiku na sehemu ya mchana, aoshe kiganja, akikaushe. Alielewa kila kitu. Aliporudi, kidonda kilikuwa kibaya kuliko mwanzo, na splinti ilikuwa safi kama ilivyotoka mikononi mwangu.

Mwalimu alijieleza bila haya. Wageni walikuja kumpa pole, na mgeni lazima apewe mkono. Yeye alimvua shemeji yake splinti, akamtoa nje, na kila mgeni akaingiza vidole vyake ndani ya ile ngumi ili aonje nguvu. Walishangaa, wakasifu, wakanywa chai. Aliyefinywa zaidi ndiye aliyetoa sala ndefu zaidi. Sijui kama kuna kijiji kingine duniani kinachogeuza jeraha la mtu kuwa mchezo wa kupima nguvu na kuuita heshima.

"Kwa hiyo asiwasalimie watu?" mwalimu aliuliza, amekasirika kweli. "Waseme ana maringo?"

Hapo alikuwa anasema jambo zito. Mama ndiye aliyejibu.

"Nivalishe, mwanangu." Nikamfunga mikanda. Akamnyooshea mwalimu mkono ule, bomba na yote. "Shemeji, nisalimie."

"Hivyo?"

"Hivyo hivyo. Na wageni watanisalimia hivyo. Asiyetaka kushika bomba, anywe chai aende."

Benchi zima la wagonjwa waliosubiri lilikuwa linatazama. Mwalimu alilishika bomba kwa ncha za vidole, kama anayepokea samaki aliyeoza, akalitikisa.

Waliendelea kuja kumpa pole, naye akawasalimisha wote kwa bomba, akianza na mhubiri. Kidonda kilichukua muda mrefu kufunga. Simdanganyi mtu: mkono ule haukushika tena mwiko wa uji. Vidole vilibaki vizito, na splinti aliendelea kulala nayo.

Lakini siku moja aliketi mbele yangu, akaivua mwenyewe kwa mkono wa kushoto, akafungua kiganja taratibu juu ya paja. Kucha zilikuwa fupi. Ngozi ilikuwa kavu, yenye makovu ya waridi, na vidole vyote vitano vilikuwapo. Akaniinulia mkono mpaka karibu na uso.

"Nusa," alisema.

Nilinusa. Sabuni ya kufulia.

"Jumapili kanisani," akasema, "nimekaa katikati ya benchi."