Kombe la Rangi ya Pilau

Hamtaniamini, na siwalaumu. Hata mke wangu, aliyekuwepo, haniamini. Lakini mimi Swalihu, muuza mitumba wa Mkonze, msomi wa darasa la nne na nusu, ndiye niliyemtibu Anifa, binti wa dada yangu Jaha. Yaani, karibu nimtibu.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Serikali imeruhusu mitumba, nami nazunguka juani na koti la sufu la Mzungu fulani, najiona waziri. Anifa alikuwa na miaka kumi na sita, wa kwanza darasani, na madrasa alishahitimu. Mara akaacha kuoga, akaacha shule, akawa anashinda ameelekea ukuta. Alisema kuna sauti darini inamsomea makosa yake tangu utotoni. Asubuhi moja akamwambia mama yake amechoka kuamka. Jaha akaja kwangu kanga inaburuzika, analia.

Hospitali Anifa hakutaka kuisikia. Mtaa mzima ungemwita mwendawazimu. Nikamwambia dada aniachie mimi. Shehe amesafiri kwenda Kondoa, kwa hiyo kombe, zile aya za kuosha na kunywa, nitaandika mwenyewe, kwani madrasa si nilikaa? Zafarani nilikosa, nikachukua rangi ya pilau. Nikajaza sahani nyeupe maandishi mazuri ajabu, nikamwekea ayaone kabla sijayaosha kwa maji ya marashi anywe.

Akaitazama ile sahani kwa muda.

"Mjomba, hizi ni herufi tu: alifu, be, te."

"Endelea kusoma."

"Nimeendelea. Umefika jimu, ukarudi alifu."

Madrasa walinifukuza nikiwa kwenye jimu. Nilidhani hakuna anayekumbuka.

"Basi kunywa wewe kwanza," akasema.

Nikaosha, nikanywa lote, kulinda heshima. Nilipofungua mdomo kujitetea, ulimi, meno, hadi ndevu, vyote rangi ya chungwa. Akacheka. Miezi miwili hakuwa amecheka. Kisha akainua macho darini.

"Lakini bado inasema, mjomba. Hata sasa hivi."

Hapo ujanja ukaniishia. Nikamwambia twende hospitali, na kama anaogopa kuitwa mwendawazimu, nitatangulia mimi waniite.

Sikujua nitaitwa upesi vile. Nesi alitazama koti la sufu saa saba mchana, akatazama mdomo wangu, akaanza kuandika jina langu. Akamuuliza Anifa huyu mzee alianza lini. Mimi kimya, ahadi ni ahadi. Anifa akanishika mkono wa koti.

"Siyo yeye, nesi. Ni mimi. Mimi ndiye ninayesikia sauti."

Sauti haikuhama siku ile. Vidonge vya kwanza vilimtetemesha mikono, vikabadilishwa, na mwaka uliofuata akarudi shule. Siku mbaya bado anazo. Siku hizo huja kwangu tukakunja mitumba bila kusemeshana sana.

Ila sijawaambia tulivyorudi kutoka hospitali. Mtoto amechoka, nikambeba mgongoni, kilomita ishirini, fisi watatu wanatufuata mchana kweupe, nami nikamgeukia yule mkubwa wao, nikam...

"Mjomba," anasema Anifa, kumbe amesimama nyuma yangu anasoma ninayoandika, "tulirudi na baiskeli. Niliendesha mimi. Wewe ulikuwa kwenye keria, umeshika tumbo."