Saa za Kapteni kwenye Kalenda ya Mama

Kaka yangu tulimwita Kapteni tangu alipopata leseni ya urubani. Lilikuwa jina la kumtania zaidi kuliko la heshima, maana kwa miaka sita kazi yake pale uwanja wa ndege ilikuwa kupakia mizigo. Na kila redio ilipotangaza kwamba dunia ina uhaba wa marubani, mama aliongeza sauti mpaka jirani asikie.

"Umesikia? Marubani hawapo!"

"Tupo, mama," Kapteni alijibu huku akijikanda mgongo. "Wanawataka walioruka saa mia tano. Na kuzipata hizo mia tano, lazima kwanza mtu akuajiri."

"Basi si wakuajiri!"

Hapo nani amuweze mama?

Kila Jumamosi Kapteni alipeleka vifaranga mji wa pili kwa kindege cha injini moja, bila mshahara. Malipo yake yalikuwa zile saa za kuruka, alizoziandika kwenye kitabu chake mpaka dakika ya mwisho. Wapo wanaojiongezea kwa kalamu. Yeye akigundua amezidisha dakika nne, anakosa usingizi. Kuna siku uaminifu wake ulinikera mpaka nikatamani kumzaba kofi.

Mama naye alikuwa na hesabu yake, kwenye kalenda ya jikoni. Kapteni akitoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa tisa alasiri, mama aliandika tisa, hata kama ndege ilishinda chini kwa sababu ya ukungu. Kwa hesabu hiyo kaka yangu alishavuka saa elfu mbili, na mtaa mzima ulikuwa na habari. Habari ya gari atakalonunua nayo ilishafika.

Shirika moja lilipotangaza nafasi ya rubani msaidizi, Kapteni alikwenda kwenye usaili na saa mia nne tisini na nane. Tuliamini kwa uhaba ule wa redioni hawatamkatalia kwa saa mbili. Mkuu wa marubani, mzee wa miwani, alijumlisha mara mbili, akatikisa kichwa. Ndipo kutoka kwenye begi la Kapteni zikaanguka kalenda sita zilizofungwa kwa uzi. Mama alikuwa amezichomeka humo kimyakimya.

"Na hizi?"

"Ni hesabu za mama, mzee," alisema Kapteni, akitamani ardhi impasukie.

Yule mzee alicheka mpaka akavua miwani. "Angeajiri mama yako, uhaba ungekwisha kesho. Sikia, mwanangu. Mshahara wa kuanzia ni mdogo, usidanganywe na watu. Lakini ukileta saa mbili kabla ya Jumatatu, nafasi ni yako."

Jumamosi kulikucha na ukungu. Mama hakula. Alikaa dirishani akitazama juu, na mimi nilijifanya nafua. Kapteni alirudi saa kumi na moja jioni, kitabu kikiwa na mia tano kamili, manyoya ya vifaranga yamemjaa begani.

Nilimpa mama kalamu. "Haya, leo andika mbili, kama marubani wanavyohesabu."

Aliandika kumi na moja.

"Zake ni za kuruka," alisema bila kugeuka. "Mimi siku zote nahesabu za kumngoja."

Nilimwachia kalamu. Nikaenda kubandika chai.