Mkono Ulioinuliwa Safu ya Pili

Wewe unayesoma hapa, usinitolee macho ya huruma. Nakujua. Ukiona mtu analia mbele za watu unachomoa simu mfukoni, unajifanya kuna ujumbe umeingia.

Leo hukwepi. Utasoma mpaka mwisho.

Nilikuwa naendesha mitambo ya sinema kwenye hoteli ya kifahari. Si sinema ya tiketi na foleni. Ni ukumbi mdogo wa wageni wa hoteli tu: viti vichache vya ngozi, zulia linalomeza viatu, na kuta zenye sponji ndani ili sauti isitoke. Ungelipua bomu mle, mtu wa koridoni angeendelea kupiga miayo.

Wageni hawapendi bughudha, kwa hiyo kulikuwa na utaratibu wake. Mgeni akitaka kitu, anainua mkono tu. Juu ya skrini kuna kamera ndogo. Mimi kwenye chumba cha mitambo namwona, napiga simu baa, mhudumu anakuja na trei. Hakuna maswali.

Dada yangu, tumbo moja, ndiye aliyekuwa anasafisha ukumbi huo. Nyumbani alikuwa msusi. Vidole vyake vilikuwa vinakimbia kichwani mwa mtu kama vinafukuzwa.

Viti vile vinalala na kuamka kwa umeme. Fundi aliyevifunga alituonya: usiingize mkono chini ya kiti kabla hujazima swichi. Lakini swichi hiyohiyo ndiyo ya taa za sakafuni, na meneja wetu, tuliyemwita Tabasamu, alikuwa radhi azime mtu kuliko kuzima taa.

"Mkizima, wageni watadhani hatuna umeme! Mnataka tuonekane gesti ya stendi?"

Siku moja nikiwa mapumziko, mhudumu wa baa amenishikia zamu, mama mmoja mgeni akadondosha hereni katikati ya filamu. Tabasamu akamwita dada.

Dada akaingiza mkono.

Mimi habari ilinifikia ikiwa imeshapikwa. Eti dada yangu kalala kwenye kiti cha mgeni, kachezea vitufe, kajiponza mwenyewe. Vidole viwili vya mkono wa kulia hana. Na kazi hana, kafukuzwa kwa uzembe.

Nilimkuta kitandani, bandeji kubwa kama ngumi ya bondia.

"Dada, ulilala?"

"Mdogo wangu, mimi nikalale kwenye kiti kinachotembea?" Akacheka, kisha akageukia ukutani. "Waulize waliokuwepo. Hawakuwa wachache."

Nikamfuata mhudumu wa baa.

"Kaka, mimi sikuona kitu. Mle giza."

Nikamfuata Tabasamu.

"Pole sana. Kungekuwa na kamera tungejua ukweli. Lakini ule ni ukumbi wa faragha, hauna kamera."

Nilimtazama. Mtu huyu ameinua mkono mle ndani miaka yote, hajawahi kujiuliza juisi ilikuwa inamjuaje.

Kamera ile inahifadhi picha. Nikazitafuta, nikaziangalia peke yangu. Halafu nikanyamaza. Kila asubuhi nikamsalimia Tabasamu kwa adabu zote. Hasira sikuimwaga. Niliiacha jikoni ichemke taratibu.

Siku ikafika. Mwenye hoteli, tuliyemwita Tajiri, aliwaalika wakubwa wenzake waje kuona filamu ya kuitangaza hoteli. Tabasamu akakaa safu ya mbele, kola imepigwa pasi hadi ungeweza kukatia mkate. Milango ikafungwa.

Nikaweka filamu yangu.

Picha hazina sauti. Dada anapiga magoti. Tabasamu anamwelekeza kwa ncha ya kiatu: ingiza zaidi. Kisha anabonyeza kitufe ili kiti kinyanyuke, hereni ionekane.

Hakikunyanyuka. Kilishuka.

Mdomo wa dada ukafunguka wote, kimya.

Kwenye kioo changu kidogo cha kamera nikamwona Tabasamu amesimama, anapunga mikono yote miwili, mdomo unasema "Zima! Zima!" Nakusikia wapi, bwana? Kuta zina sponji. Mimi naona mgeni kainua mkono.

Nikapiga simu baa. "Safu ya mbele wanataka juisi. Fanya haraka, ana kiu kweli huyo."

Kisha nikashuka. Mhudumu wa baa alikuwa ameshafungua mlango, trei mkononi, wapishi na wasafishaji wanachungulia nyuma yake.

Hapo ndipo filamu ilipofika nilipokuwa nikipangojea. Dada bado amebanwa. Nyuma yake, safu ya pili, mkono wa mwanamume unapanda juu, taratibu. Hauombi msaada. Unaomba kinywaji kingine. Mwanga ukampiga usoni.

Tajiri.

Yuleyule aliyetutumia salamu za pole, akasema siku hiyo alikuwa safarini.

Na kinywaji kikaletwa. Mhudumu aliyenishikia zamu alikileta mwenyewe, akamruka dada na trei yake, tone halikumwagika.

Sasa alikuwa mlangoni anajitazama. Trei ikamponyoka.

"Nilimruka," akasema, koridoni kote wakasikia. "Jamani, nilimruka yule dada."

Nilifukuzwa palepale. Mashine wakaibeba na picha zake. Tajiri anasema filamu hiyo haijawahi kuwepo. Wakubwa wenzake eti wote walikuwa wamesinzia.

Mhudumu amekubali kutoa ushahidi. Wakili wa hoteli anacheka: wafanyakazi wawili wenye chuki, basi.

Nilichojifunza ni hiki: aliyebonyeza kitufe alikosea. Waliobaki wamekaa hawakukosea, waliamua. Na sitawasamehe.

Kesi ya dada inasikilizwa wiki hii. Mama wa hereni, najua unasoma. Na wewe wa safu ya nyuma, uliyevuta miguu yako isiguse damu, nilikuona. Filamu yenu nimeiangalia kwa makini kuliko nyinyi mlivyoiangalia ile ya kwenye skrini siku ile.

Na wewe unayejiambia hujawahi kukanyaga hoteli hiyo: kazini kwako kuna mtu anaingiza mkono mahali ambapo swichi haijazimwa. Inuka ukaizime. Wakubwa wagune, wakae gizani.

Mliokuwepo, njooni mbele ya hakimu. Hamhitaji kufundishwa. Mlijua kufanya mlipotaka juisi.

Inueni mkono.