El Dera ya Akina Nani

Aabo, baba yangu, alipiga asubuhi kwa simu ya kuazima. "Tuko El Dera. Kisima kimekauka, mbuzi wameanza kulala chini. Tuletee maji leo leo." Kisha ikakatika. Kila nilipopiga, haipatikani.

Nilikuwa ofisini Garissa mjini. Nikatoka bila kuaga, nikasaka lori la maji hadi nikalipata mtaa wa Galbet. Dereva, mtu mzima wa hapa hapa, alisikia jina akauliza jambo moja tu: "El Dera ya akina nani?"

Nikamjia juu. Swali hilo la ukoo nalichukia tangu shuleni. Nimeona watu wakinyimwa kazi na nyumba kwa sababu yake. Nikamwambia El Dera ni El Dera, awashe gari aende. Akaniangalia. "Haya, abaayo, dada yangu," akasema, akaondoka.

Jina lenyewe maana yake ni kisima kirefu, na huku kwetu karibu kila aliyechimba akafika mbali aliita hivyo. Iko El Dera ya njia ya Liboi, iko ya njia ya Wajir, na nasikia ziko nyingine ambazo sijaziona. Ndiyo maana wazee hutaja mahali pamoja na watu wake. Nililijua hilo tangu utotoni. Hasira tu zilinisahaulisha.

Mchana kutwa simu haikunitoka mkononi. Alasiri dereva akapiga: amefika, maji yanamiminwa kwenye tangi, watu wanamwombea dua. Nikasema nipe aabo. Akaja kwenye simu mama mmoja nisiyemjua.

"Huyo mzee hayuko hapa, hatumjui. Lakini Mungu akubariki, binti yangu. Watoto wetu hawajaonja maji tangu jana."

Nimwambie dereva awapokonye ndoo? Nilikaa sakafuni pale ofisini nikalia, kwa hofu na kwa aibu.

Lori la pili halikupatikana hadi kesho yake. Lilikuwa bado njiani aabo alipopiga tena. Nikamweleza yote bila kuficha kosa langu, nikingoja anigombeze.

"Watoto wao walikunywa?"

"Walikunywa, aabo."

"Alhamdulillahi," akasema. Nyuma ya sauti yake sikusikia hata mbuzi mmoja.