Moshi wa Wapima Ramani

Juzi nilikwenda Iringa mjini kwa shida zangu za kiwanja, karani wa ardhi akanitandazia mezani ramani ya zamani ya bonde letu la Ruaha. Ndugu yangu, nilisahau hata kilichonipeleka. Vidoti vyeusi vilitawanyika kando ya mto, kila ukoo na kitongoji chake, na saba vilikuwa vya kwetu. Nikacheka peke yangu, maana nyumba zetu zilikuwa sita.

Ilikuwa kiangazi, miaka ya hamsini, nami ni msichana wa kuchota maji na kuanika kambale. Wapima ramani walipiga kambi kilimani na darubini yao ya miguu mitatu. Bibi aliwaogopa. Alisikia kwamba ardhi ikishachorwa huchukuliwa, na babu alizikwa nyuma ya zizi letu, angemwachia nani? Akaamuru mioto yote izimwe tusionekane. Siku mbili tulikula ugali uliolala kwa maziwa ya mgando, tumetulia kama vifaranga walioona mwewe.

Siku ya tatu asubuhi alikuja jirani, aliyekuwa akiwabebea wapimaji mizigo.

“Bibi, mnafanya nini? Kule wanasema hapa ni mahame. Wataandika pori, na pori atapewa yeyote. Mficha uchi hazai, Bibi.”

Bibi alinipa kigae nikaombe makaa kwa huyo huyo jirani, maana kwetu halikubaki hata moja. Tukawasha kila jiko, tukatupia matete mabichi na mavi ya ng'ombe. Bibi akaona haitoshi, akawasha na kwenye banda la kuku. Kuku walitoka wakilalamika, sisi tukikohoa na machozi yakitutoka, naye akihimiza tuongeze.

Jioni jirani akarudi. “Mmeandikwa, Bibi. Nyumba zote.”

Bibi alikaa chini, akanyoosha miguu, akacheka mpaka akashika mbavu. Nilifurahi kuliko siku ya sikukuu. Ugali wa moto wa jioni ile, kwa kambale na mlenda, sijaula tena mtamu vile.

Leo pale pana nyasi tu. Zizi halipo, na hata mto kiangazi hukauka. Lakini moyo wangu umetulia. Hakuna aliyetufukuza. Bibi alizeeka palepale, tukamzika kando ya babu, ndipo sisi tukahama kwa miguu yetu wenyewe.