Kashe ya Njiwa

Mashine ile niliinunua Bukavu asubuhi ya Ijumaa, kwa mzee mmoja aliyekuwa akiuza vitu vya ofisi ya mwanasheria aliyefariki. Kulikuwa na viti, makabati, taipureta isiyo na utepe, na kwenye ukingo wa dirisha kipande cheusi cha chuma chenye mkono wa kukandamiza. Nilikitambua kabla sijakigusa. Ukiingiza karatasi mdomoni mwake na kukandamiza ule mkono, karatasi inatoka na alama iliyoinuka, bila tone la wino. Nilikuwa nikiitamani mashine ya namna hiyo kwa miaka.

Mimi natengeneza kadi. Za harusi, za ubatizo, za komunyo ya kwanza, na mwezi wa Desemba za Noeli. Kazi hii nilifundishwa na mtawa mmoja wa parokia yetu hapa Cyangugu, mwanamke mwenye vidole vifupi na subira ndefu. Alinionyesha namna ya kukata ua kwenye karatasi ngumu, kulibandika juu ya kioo cha dirisha mchana wenye mwanga, kuweka kadi juu yake na kusugua taratibu kwa ncha ya sindano ya kufumia, mpaka ua linainuka upande wa pili. Alinionyesha pia kupiga mhuri wa wino mzito, kunyunyizia unga maalumu wa rangi kabla wino haujakauka, kukung'uta, kisha kushika kadi juu ya makaa mpaka unga uyeyuke na herufi zing'ae zimevimba. Mihuri yenyewe, ambayo sisi huku tunaiita kashe, nilijifunza mwenyewe kuichonga kwa wembe kwenye soli za kandambili kuukuu. Ndege, jani la mgomba, msalaba, kikombe cha misa.

Basi nikainunua mashine. Mdomoni mwake mlikuwa bado na sahani mbili ndogo za duara zenye alama ya ile ofisi ya zamani, mizani katikati na maneno ya Kifaransa yakizunguka. Niliziona. Nikajisemea kwamba Jumatatu nitampelekea fundi wa vyuma azisage, anichongee ua mahali pake. Chuma kilikuwa na mafuta, nikakifunga kwa kitenge, nikakiweka chini kabisa ya mfuko, na juu yake bunda la karatasi nyeupe. Sikufikiria kwamba muntu mwingine akiukagua mfuko ule ataona kitu kilichofichwa.

Siku hizo habari za upande wa pili, kule Bukavu, hazikuwa nzuri, na mpakani kila mfuko ulifunguliwa. Foleni ilikwenda polepole. Mbele yangu kulikuwa na wanawake wenye mabeseni ya samaki na vitambaa, tunajuana kwa sura. Nilipofika mezani, ofisa aliyekuwa zamu, mwanamume wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alitoa bunda la karatasi, akakuta kitenge, akakifungua. Aliitazama mashine. Kisha akachukua kipande cha karatasi kutoka kwenye daftari lake, akakitia mdomoni, akakandamiza.

Ile mizani ilitokea safi kabisa. Hata mimi nilishangaa jinsi ilivyotoka safi.

Aliniomba nifungue na mkoba wa mkononi. Humo mlikuwa na kashe moja tu, niliyokuwa nimeibeba ili kujaribu rangi za wino dukani. Ilikuwa ya harusi. Bi harusi, mwalimu wa Gitambi, alitaka jina lake na la mchumba wake yazunguke njiwa, kwa hiyo nilikuwa nimeichonga duara. Ofisa aliigeuza kwenye mwanga, akaiweka pembeni ya mashine. Mhuri wa duara na mashine ya alama ya ofisi, vimelala bega kwa bega juu ya meza ya serikali.

Aliniuliza kwa Kinyarwanda nani amenituma. Nikajibu kwa Kinyarwanda, na nikasikia sauti yangu mwenyewe jinsi ilivyo na lafudhi ya Bukavu, maana nilizaliwa kule, huku nimekuja kwa ndoa. Ukiwa na hofu lafudhi inazidi. Akahamia Kiswahili.

"Maman, nani alikutuma kuleta hii kitu?"

"Hakuna muntu alinituma. Natengeneza kadi."

Alinipeleka chumba cha nyuma chenye benchi. Hakunifokea wala hakunishika mkono. Afadhali angenifokea, maana ningejua hasira yake imefika wapi. Aliandika tu. Aliuliza ninakaa wapi, mume wangu anafanya kazi gani, nina watoto wangapi. Nikasema mume wangu yuko kiwanda cha saruji huko Bugarama na anarudi mwisho wa wiki, na nina wasichana wawili. Aliposema kwamba kuna watu wanaotengeneza karatasi za kusafiria za uongo, na kwamba wanatumia vitu kama hivi hivi, nilitaka kucheka kwa mshangao.

Alizipiga picha zote mbili, mashine na kashe. Mashine akaifungia kabatini, kitambulisho changu akakiweka kwenye bahasha. Mkoba akanirudishia na vitu vyote vilivyokuwamo, kashe ya njiwa ikiwemo. Akaniambia niripoti Jumatatu saa tatu asubuhi.

Nilipanda kwenda nyumbani kwa miguu, karatasi zangu kichwani. Nilipita kanisani nisiingie. Kila muntu aliyenisalimu niliona anajua.

Mume wangu alifika Jumamosi mchana na vumbi la saruji kwenye nyusi kama kawaida. Nilimweleza yote. Alisikiliza amekaa kwenye kizingiti, hajavua hata viatu, kisha akasema tusubiri Jumatatu, ukweli utajulikana. Akaenda kuoga. Nilisikia maji yakimwagika na nikafikiri: yeye anaweza kusubiri, si jina lake lililoandikwa kule.

Nilikwenda kwenye meza yangu ya kazi. Kashe zilikuwa zimepangwa kwenye trei ya mayai, thelathini na kitu, kazi ya miaka mingi. Siku zote nilikuwa nikiziona kama ndege na majani. Siku ile nilianza kuona zipi ni za duara. Moja ilikuwa ya shule ya watoto wadogo, walitaka jua kwenye vyeti vyao. Moja ya kwaya. Moja ya mama anayeuza asali. Na njiwa. Kila moja ilikuwa na maneno yakizunguka, kama za ofisi. Nikajiona nimesimama mbele ya watu wanaofungua milango ya nyumba yangu, wakizitoa moja moja na kuziweka kwenye mfuko wa plastiki, majirani wamejaa uani, na binti yangu mkubwa ananiangalia.

Nikachukua zote za duara, nikazitia kwenye mbabula, jiko letu dogo lililokuwa na makaa ya kupikia chakula.

Raba ya kandambili haiungui kwa haraka. Inajikunja, inatoa povu, halafu moshi mweusi mzito unaoshika nguo. Jirani aliuliza kutoka ng'ambo ya ukuta kama nimesahau chungu jikoni. Nikamjibu ni plastiki ya watoto. Nilikuwa nalia na nilijiambia ni moshi. Mume wangu alipotoka bafuni akauona ule moshi, alitazama ndani ya mbabula, akatazama trei, akaelewa. Alisema tu, "Ungeningoja." Hatukula chakula kile, kilinuka raba.

Jumapili sikumbuki padri alihubiri nini kwenye misa. Nakumbuka nilihesabu vioo vya dirisha.

Jumatatu mume wangu alilazimika kurudi zamu kabla hakujapambazuka vizuri, nami nikashuka mpakani peke yangu. Safari hii ofisa wangu hakuwa peke yake, alikuwa na mwenzake aliyevaa shati la kawaida. Mashine ilikuwa mezani. Walinikalisha. Yule mwenye miwani alifungua simu yake, akanionyesha picha ya kashe.

"Hii ya njiwa, uko nayo?"

Sijawahi kuona neno dogo lililo zito kama lile nililopaswa kusema. Nikalisema. Nimeichoma.

Wakatazamana. Yule wa shati la kawaida aliweka kalamu chini.

"Muntu asiye na kosa anachoma kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ya woga," nikasema. "Niliogopa mutakuja nyumbani."

Alisema hakuna aliyekuwa amepanga kuja nyumbani. Walitaka kuiona ile kashe kwa karibu, waisome, waniachie niende. Picha ilikuwa na ukungu, herufi hazisomeki. Sasa hawana cha kusoma. Na mimi nilielewa, pole pole, kama baridi inavyopanda kutoka kwenye sakafu, kwamba Ijumaa nilikuwa muntu aliyenunua chuma kuukuu, na leo nilikuwa muntu aliyeharibu ushahidi. Hakuna mwingine aliyenifanyia hivyo. Nilifanya mwenyewe, kwa mikono yangu, juu ya makaa ya kupikia maharage.

Waliuliza kama kuna yeyote aliyewahi kuiona kashe ile au kadi iliyopigwa nayo. Kulikuwa na kadi moja ya majaribio, nilimpa bi harusi. Walinipa simu nimpigie mbele yao. Nilimweleza kwa maneno machache, na kwenye upande wake nikasikia kelele za watoto wa darasa. Nikawaza kwamba ningekuwa mimi, ningesema simjui mama huyu. Harusi ilikuwa imebaki wiki mbili, nani anataka jina lake liandikwe kwenye daftari la mpaka? Alisema atakuja, kisha simu ikakatika.

Nilikaa kwenye benchi. Kutoka Gitambi si mbali sana kwa pikipiki, lakini alikuwa na masomo, na barabara ilikuwa na matope. Saa tano ikapita. Saa sita ikapita. Binti yangu mdogo hutoka shule saa sita, na huwa namngoja langoni. Niliomba ruhusa nimpigie jirani, yule yule wa moshi, nikamwomba amchukue mtoto. Hakuniuliza kwa nini. Nikawa nafikiria vitu vidogo visivyo na maana: nani ataosha sare za shule, na kama mume wangu anajua mahali nilipoweka vitabu vya chanjo.

Bi harusi alifika karibu saa nane. Viatu vyake vya shule vilikuwa na matope mpaka kwenye vifundo, na mkononi alishika kitabu cha sala. Hakunisalimu kwanza. Alimsalimu ofisa, akafungua kitabu, akatoa kadi iliyokuwa katikati ya kurasa, akaiweka juu ya meza.

"Mzee, huyu njiwa ni wangu," akasema. "Hili jina ni langu, na hili ni la bwana yangu. Tunaoana."

Ofisa alivaa miwani. Nilikuwa nimeinyunyizia kadi ile unga wa rangi ya dhahabu, na herufi zilikuwa zimevimba vizuri, kila moja inasomeka. Alisoma majina kwa sauti ya chini. Alipitisha kidole gumba juu ya njiwa. Kisha akachukua simu, akaikuza ile picha, akaiweka karibu na kadi. Wembe wangu uliteleza nilipokuwa nikichonga bawa la kushoto, ukaacha mkato mdogo kama meno ya panya. Nilikuwa nimeuonea aibu mkato ule, nikamwomba bi harusi msamaha. Ulikuwepo kwenye kadi, na pamoja na ukungu wote ulikuwepo kwenye picha. Ofisa akamwonyesha mwenzake kwa ncha ya kalamu. Mwenzake akaitikia kwa kichwa.

Walileta bisibisi, wakazitoa sahani mbili za mizani, wakaziweka kwenye bahasha, wakaandika. Nikatia sahihi, na sahihi yangu ilitoka kama ya mtoto. Nikarudishiwa kitambulisho, na mashine bila meno. Yule mwenye miwani aliniambia siku nyingine nikinunua kitu chenye alama ya ofisi, niitoe kabla sijavuka. Kisha akaongeza kitu ambacho sikukitegemea, kwamba mama yake alikuwa akifuma vitambaa vya meza, na kwamba anajua kazi ya mkono inavyochukua muda. Nilisema asante mara tatu.

Nje, bi harusi na mimi tulisimama kando ya barabara tukitazama ziwa. Nilimwambia sina kashe yake tena na sithubutu kuchonga nyingine. Akauliza kama njiwa anaweza kutengenezwa bila kashe.

Njiwa nilimkata kwenye karatasi ngumu, nikambandika kwenye kioo cha dirisha, na kwa siku tisa nilisugua kadi themanini kwa sindano ya kufumia, moja baada ya nyingine, mchana tu wakati mwanga upo. Majina niliyaandika kwa mkono. Hakuna wino uliopigwa wala unga ulioyeyushwa. Njiwa alikuwa mweupe juu ya karatasi nyeupe, ilibidi uinamishe kadi ili umwone. Kidole changu kilipasuka siku ya sita, nikakifunga kitambaa nikaendelea. Harusi sikwenda, ingawa nilialikwa. Niliogopa kwamba muntu atauliza.

Miezi miwili baadaye karatasi ziliniishia, nikavuka tena daraja la mpakani. Nilirudi na bunda moja na chupa ya gundi. Zamu ilikuwa ya msichana mdogo ambaye hajawahi kuniona, naye alikuwa akiongea na mwenzake na kunipungia mkono nipite. Lakini mimi nilikuwa nimeshausimamisha mfuko juu ya meza, nimeufungua, na nilikuwa nikitoa karatasi na kuzipanga mbele yake.